Maua Kwenye Kipara cha Babu

Enzi zetu, na najua mtu wa umri wangu akitamka maneno hayo wazee humwuliza kama meno ya utoto yameshamtoka yote, bibi harusi wa mtaa wetu wa Dunda hakuchagua maua yake kwenye simu. Alikaa mkekani, miguu juu ya mto, akasubiri Bibi yangu aamue. Bibi alichora kwa njiti ya chelewa ya mnazi aliyoichonga kwa wembe, na ua lake la asumini lilikuwa na mkia uliojikunja kama wa paka aliyeshiba. Mwanamke akipita sokoni na mkia huo kiganjani, watu walijua amechorwa nyumba gani.

Niliutamani ustadi huo kuliko baiskeli. Bibi aliniruhusu nikoroge hina kwa ndimu na chai ya rangi, kisha nifukuze nzi, basi.

"Ngozi ya watu si ubao wa shule," alisema. "Nikikuona unampaka mtu hina au piko, njiti hutaigusa tena."

Kwa hiyo nilichora ndizi, vifuu, na mbuzi mweupe wa jirani, ambaye hakuithamini sanaa.

Ijumaa moja asubuhi, Babu alinihurumia. Alivua kofia, akainamisha kipara kilichong'aa kama sufuria ya Idi. "Chora hapa, mjukuu wangu. Kofia itatunza siri."

Nilikijaza asumini kutoka utosini hadi masikioni, kwa piko nyeusi tii, na piko haiogopi sabuni.

Babu, aliyetawadha maisha yake yote, alisahau kwamba udhu haukamiliki bila kupaka maji kichwani. Kwenye birika la kutawadhia la msikiti akavua kofia. Wazee wenzake wakaacha mabomba yakimwagika.

"Athumani, hongera. Harusi lini?"

"Na posa tuilete kwa nani, kwa mkeo?"

"Mwenye wivu naye akachorwe," Babu akajibu, akapaka maji juu ya maua yangu kwa utulivu wote.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Bibi alikuwa amekaa kibarazani, njiti zake zote mapajani, nami nilijua zinangoja kuvunjwa. Babu akaja na kofia mkononi. Hakukuwa na haja ya kuivaa tena. Bibi akamkalisha kwenye kigoda, akakigeuza kichwa chake huku na huku kama anayechagua tikiti maji.

"Ua hili limeanzia hewani," alisema hatimaye. "Na huu mkia umekatika. Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, Bibi."

Aliokota njiti moja mapajani. Kisha akaichovya kwenye piko, akaunganisha mkia mmoja tu, akanikabidhi. "Malizia. Hatuwezi kumtembeza mume wa mtu na kazi nusu."

"Mimi siulizwi?" Babu akasema.

"Kichwa ulishakitoa sadaka. Tulia."

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha sanaa, mwalimu alitutaka tuchore utambulisho wetu. Wenzangu walichora mikuki, ngao na twiga. Mmoja wao ni mzaliwa wa Kaole, pwani kama mimi, na twiga alikuwa amemwona kwenye mfuko wa saruji tu. Mimi nilichora kipara. Mwalimu alikitazama kwa muda mrefu, akauliza kama ni kibuyu.

"Ni babu yangu," nilisema, na naamini hadi leo kwamba sijawahi kutoa jibu la kweli zaidi darasani.

Sasa Bibi na Babu hawapo. Mabinti wa leo hubandika mikononi maua ya karatasi yaliyosafiri kutoka ng'ambo, nayo hubanduka kabla pilau haijapoa. Ningewacheka zaidi, lakini mimi nami nimeiacha ngozi, nachora kwenye turubai. Linatundikwa ukutani, watu wanalitazama wakiwa na juisi mkononi, wanatikisa vichwa kwa heshima, wanaondoka. Turubai langu ni safi, limenyooka, na halijawahi kuvua kofia mbele za watu kwa ajili yangu.