Kutafuta Handaki Kwenye Vilima vya Eston

Niliondoka mtaani kwetu Albert Park kwa sababu ya mistari minne kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Pembeni yake nilikuwa nimeandika kwa mwandiko wa kifalme: "Mahame ya kale, yamezungushiwa handaki." Madam Pillay, mpima ardhi wa Clairwood, alinipa picha kumi za majaribio. Nikizisoma vizuri, naacha kupakia makontena, napewa meza ya ofisini. Lakini ofisini kwake iko desturi: alama haitiwi sahihi mpaka aliyeiweka aende akasimame juu yake. Karatasi ya majibu aliitaka siku hiyo saa kumi jioni, nami nilishalitangazia jengo letu zima kwamba kazi nimepata.

Saa tatu asubuhi Papa Ilunga, dereva wa ofisi na jirani yangu kutoka Lubumbashi, alinikuta nje nimevaa tai.

"Tai ya kuingia nayo ndani ya shimo?"

"Handaki, Papa. Si shimo."

Barabarani, kwenye kila robot nyekundu, yaani taa za kusimamisha magari, nilifungua picha. Kitabu chetu cha shule ya usiku kilijaa picha za Uingereza: nyumba za matajiri wa enzi za kati, zimezungukwa na handaki la maji lenye pembe nne. Niliisoma sura ile mara elfu moja, au tuseme tano. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: mstari ukiwa mweusi upande wa kusini na kung'aa upande wa kaskazini, hapo pamechimbwa. Ukiwa kinyume, pameinuka.

Eston, penye ile mistari minne, tulifika saa nne. MaNgcobo, mwenye shamba la miwa, alitupa chai kwanza, kisha akasikiliza shida yetu kupitia Kizulu cha Papa Ilunga.

"Handaki? Hapa hakuna handaki, mwanangu. Iko ukuta wa udongo. Baba mkwe wangu aliujenga ng'ombe wasimalize bustani."

Akatupeleka. Ukuta ulikuwa mrefu kama ghorofa tatu. Haya, ulinifika kiunoni. Lakini uliinuka, haukuchimbwa.

Papa Ilunga aliangalia picha, akaangalia juu. "Petit, mdogo wangu, jua iko wapi sasa?"

"Kaskazini."

"Na kule Uingereza?"

Nilikumbuka picha za kitabu: kule jua hukaa kusini.

"Wewe unakaa upande wa nyuma wa jengo, kusini. Nguo zako hazikaukagi. Miaka mitatu unakuja kuanika kwangu mbele, kaskazini, na hujajiuliza?"

Kwetu Tanga jua hupita utosini, miezi fulani likaegemea huku, mingine kule. Nani anahangaika na kivuli? Niliigeuza picha juu chini. Pale pale handaki langu likainuka, likawa ukuta.

Ndipo hofu yenyewe ilipoanza, maana zote kumi nilizisoma kwa kanuni ile ile. Nilizigeuza moja moja juu ya boneti ya gari. Picha ya saba nilikuwa nimeikata kwa kalamu nyekundu: "Tuta tu, si kitu." Ilipogeuzwa, tuta lilizama, likawa handaki.

"Ni mbali?" nikauliza.

"Nusu saa. Na saa kumi haitungojei."

Tulienda. Saa saba mchana nilisimama ndani ya matete, maji magotini, tai imelowa. Mfereji ulikwenda, ukakata kona, ukakata tena, mpaka ukarudi ulikoanzia. Papa Ilunga aliuzunguka wote akiupima kwa hatua zake.

Clairwood tuliingia saa kumi kasoro dakika tano. Njiani nilikuwa nimetunga visingizio kumi na viwili. Madam Pillay alipoutazama ule udongo kwenye tai, vyote vikanitoka kichwani.

"Umekosea ngapi?"

"Zote kumi, Madam. Nilisahau jua la huku."

"Na hii ya saba uliyoisahihisha, handaki la nani?"

"Sijui. Najua tu kwamba limechimbwa. Nimesimama ndani yake."

Alitia sahihi kwenye hiyo moja, akanisukumia zile nyingine. "Hizi kasimame juu yake wiki hii. Meza tutaongea ukimaliza."

Basi meza sijapata, na jengo zima linaniuliza. Kitabu hakikunidanganya, kilisema kweli ya kwao. Kazi ya kuuliza jua liko wapi ilikuwa yangu.

Jioni ile nilianika tai kwa Papa Ilunga, upande wa mbele, kama kawaida. Safari hii nilijua kwa nini.