Nadhiri ya Mama Mdogo

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alikuwa msusi. Alisukia katika saluni moja ya Wakongo mtaa wa Point, karibu na bandari, na wanawake walishuka kutoka mtaa wa Berea, kule mlimani, kumfuata yeye tu, kwa ajili ya rasta zake nyembamba zisizovuta kichwa. Tuliishi sisi wawili kwenye chumba kimoja cha fleti, mtaa wa Umbilo. Mimi nilifanya kazi kwenye duka la simu.

Hakula nyama, samaki, mayai wala maziwa. Tulipokimbia Uvira, kwetu Kongo, wakati wa vita, binti yake mdogo alimponyoka mkononi katikati ya umati, na hakumwona tena. Alimtafuta kambi kwa kambi. Alipokosa pa kwenda, alipiga magoti akaweka nadhiri: chochote chenye damu, au kilichotoka kwa chenye damu, kisipite mdomoni mwake mpaka mtoto arudi. Tangu hapo akawa mtu wa ugali, maharagi, lengalenga, yaani mchicha, na sombe, kisamvu cha mafuta ya mawese. Kanisani walimsifu. Mimi nilimpikia sombe yake.

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika, alianza kuangusha kitana. "Vidole viko vinalala," alisema, akivikunjakunja kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Baadaye mistari yake vichwani mwa wateja ikaanza kwenda upande. Mteja wake wa siku nyingi alijitazama kwenye kioo, akashukuru kwa adabu, na aliporudi tena akaketi kwenye kiti cha msusi mwingine. Mama mdogo aliliona hilo. Jioni hiyo hakula.

Miguu ikafuata. Siku moja tulikuwa tunatembea barabara ya Umbilo, ndala yake ikamtoka mguuni, naye akaendelea kutembea bila kujua. Nilimwita kwenye robot, taa za barabarani zikiwa nyekundu. Alitazama mguu wake mtupu kama mguu wa mtu mwingine.

"Niko natembea juu ya pamba," aliniambia. "Tangu zamani."

Alianza pia kusahau, na kunikasirikia kwa mambo madogo. Kanisani wengine walisema kuna mtu mwenye wivu aliyemfunga mikono kwa uchawi. Wakamwombea, naye akaongeza kufunga, hata maharagi akayaacha kwa siku kadhaa. Kisha akaanguka kwenye ngazi za fleti, nikampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole, asiye na haraka. Alimwomba atoe ulimi: ulikuwa mwekundu na laini, umepoteza vile vipele vidogo. Akauliza anakula nini. Majibu ya damu yalipotoka, alitueleza, mimi nikitafsiri. Vitamini B ni ndugu wengi, alisema, na kila mmoja ana kazi yake. Maharagi na mboga za majani zilikuwa zimempa folati, inayosaidia kutengeneza damu, ndiyo maana damu yake haikupungua sana, na ugonjwa ukajificha. Lakini B12, inayolinda mishipa ya fahamu, haimo kwenye majani wala nafaka. Iko kwenye maini, nyama, samaki, mayai na maziwa. Mwili huiweka akiba kwa miaka mingi, na akiba yake ilikuwa imekwisha.

"Ale hata mayai," daktari alisema.

Mama mdogo alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. "Mwambie daktari," akasema, "siku nitakula yai, nitakuwa nimemuzika mutoto wangu."

Nilimtafsiria daktari kwa shida. Basi akasema kuna sindano za B12.

"Iko na nyama ndani?"

"Hapana, mama. Inatengenezwa na vijidudu. Hata ng'ombe anaipata kwa vijidudu vilivyo tumboni mwake."

Mama mdogo akapandisha mkono wa blauzi.

Sindano zilimrudishia mengi. Ulimi ulipona, akaanza tena kusema sombe yangu haina chumvi. Kusahau kukapungua. Lakini daktari alikuwa ametuonya kwamba mishipa iliyokaa na njaa muda mrefu hairudi yote. Alijaribu kunisuka Jumapili moja, mimi nimeketi chini kati ya magoti yake. Alisuka, akafumua, akasuka tena. Halafu nikasikia mikono yake imetulia tu juu ya kichwa changu, na sikuthubutu kugeuka. Tangu hapo alikaa mlangoni pa saluni akiuza nywele za pakiti.

Habari ya mtoto ilikuja baadaye sana, kwa simu. Mwanamke aliyekuwa ametutafuta kupitia watu wa Uvira alisema alimwokota binti yetu njiani, akambeba mgongoni. Mtoto alishikwa na homa. Alifariki kabla hawajafika kambini, wiki ile ile aliyopotea. Nadhiri ilikuwa bado haijawekwa.

Mama mdogo aliishika simu kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukutosha.

"Alikula?" aliuliza.

"Alikula, dada. Nilikuwa na samaki kidogo kwenye kitambaa, ndagala. Nilimutafunia."

"Aksanti," mama mdogo akasema. "Aksanti, dada."

Majirani walikaa nasi matanga. Walipoondoka, aliniomba nimpikie ndagala. Nilizikaanga na nyanya na kitunguu, nikamwekea sahani mbele yake. Alikula polepole, machozi yakimtoka, hakuacha hata kichwa kimoja. Mimi nilitaka kumwambia apumzike, ila aliendelea tu kula.

Siku hizi anakula kila kitu, na sindano bado anachomwa. Anatembea kwa fimbo. Vidole havikurudi.