Nilipiga Hodi Kabla ya Kupima

Miaka ya vita, mto ulipofungwa na meli za Kinshasa zikaacha kuja, Kisangani ilikula kwa ndege. Chumvi, sabuni, sukari, betri, vitenge, vyote vilishuka kutoka mashariki. Nyumba ya biashara niliyoifanyia kazi ilikuwa na mguu mmoja Butembo, alikokaa patron, mwenye mali, na mguu mwingine kwetu, chini ya dada yake ambaye wafanyakazi wote tulimwita Mama. Mimi nilikuwa mtu wa mawasiliano. Nilikuwa na diploma ya sekondari, tawi la umeme, basi, na chumba kidogo nyuma ya depo, kati ya magunia ya chumvi na ukuta wenye tundu la risasi tuliloliziba kwa saruji.

Mwanzoni tulitumia foni, redio ile ya kuitana kutoka mji hadi mji. Kila asubuhi nilimwita mwenzangu wa Butembo, mtu wa patron kule, naye akaniitikia. Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Lakini nilikijua kikohozi chake, na mke wake alipojifungua mapacha mimi nilisikia kabla ya baba mkwe wake. Mama yangu mzazi alipokufa, yeye aliomba kimya redioni, na waendeshaji wengine waliokuwa wakigombania masafa yale walinyamaza pia. Tuliitana ndugu. Sikuwa nikilitumia neno hilo ovyo.

Foni ilikuwa na adabu zake. Huingii kwa mwenzako kama mwizi. Unapiga hodi, unangoja akukaribishe, ndipo unasema shida yako. Pia hukumwambia mwenzako mbele ya watu kwamba sauti yake ni mbovu, maana huenda bosi wake amesimama hapo nyuma. Ulisema tu, nakupata vizuri, kisha ukamwomba arudie.

Ubaya wa foni ni kwamba kila mtu alisikiliza. Bei tuliyotaja asubuhi, mchana ilikuwa kwenye midomo ya wafanyabiashara wengine, na ya wenye bunduki vilevile. Ndipo patron akanunua antena mbili za setilaiti na ruta mbili, moja kwao na moja kwetu. Fundi alikuja akazifunga, akatufundisha, akaondoka na ndege iliyofuata. Ruta ilikuwa sanduku dogo lenye taa. Maneno yetu yalipita angani kwenye njia ileile ya watu wengine, lakini yamefungiwa ndani ya njia yetu wenyewe, hata mtu akiyashika asijue yanasema nini. Kwa njia hiyo tulituma maagizo, na kwa njia hiyo tulizungumza pia, kwa simu iliyounganishwa na ruta.

Fundi alituonyesha jinsi ya kupima. Ruta yangu inatuma vifurushi vidogo kwa ruta ya Butembo, ile inavirudisha, na kompyuta inasema safari imechukua muda gani na vingapi vimepotea. Kwa setilaiti, kwenda na kurudi ni zaidi kidogo ya nusu sekunde. Haiwezi kushuka sana chini ya hapo, maana mbingu iko mbali. Ikipanda sana, ujue kuna mahali vifurushi vinapanga foleni. Fundi alisema tupime mara kwa mara, hasa saa za kazi. Hakusema tuanze kwa kupigiana hodi. Hilo tulilileta sisi wenyewe kutoka kwenye foni, na hatukuona ubaya wake.

Kwa hiyo kila nilipotaka kupima, nilinyanyua simu kwanza.

"Hodi, ndugu. Nataka kupima."

"Karibu, ndugu. Unipe dakika, nifukuze mbuzi mlangoni, wasikukanyagie vifurushi."

Nilicheka, nikampa dakika yake. Kisha nilipima, na vipimo vilikuwa safi. Nilimtumia nakala, akaziweka.

Wakati huohuo maagizo yalianza kuchelewa. Mama aliagiza chumvi asubuhi, agizo likafika Butembo ndege imekwisha kupakiwa. Mchana sauti kwenye simu zilikatikakatika kama mtu anayezungumza huku akitafuna. Siku moja patron, akiwa hajapata agizo, alijaza ndege kwa kubahatisha, na sisi tukapokea makasha ya vioo vya ukutani. Mama aliingia chumbani kwangu na kioo kimoja mkononi.

"Papa," aliniita kwa heshima, kama wanaume wazima wanavyoitwa kwetu, "watu wa mtaa wa Mangobo wanakula vioo?"

"Hapana, Mama."

"Bon. Chumvi yangu iko wapi?"

"Sijui, Mama. Lakini njia iko bien. Nimeipima."

"Alors, kama iko bien, ni mimi niko mubaya?"

Aliniachia kile kioo juu ya meza, nikawa natazamana na uso wangu kutwa nzima.

Patron hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipiga simu akasema kwamba kwenye moja ya ncha mbili kuna mtu anayeharibu, na akimpata, mtu huyo ataacha kiti. Nilirudi nyumbani Mangobo na neno hilo tumboni. Kiti changu kilimlisha mke wangu, watoto wetu, mjane wa kaka yangu na watoto wake. Walimu wa mji mzima walikuwa wakifundisha bila mshahara. Mtu aliyepoteza kazi katika miaka ile hakuulizwa atapata lini nyingine.

Siku ya ukweli ilikuja mchana wa jua kali. Mama aliingia, akakaa juu ya gunia.

"Pima sasa. Nataka nione na macho yangu."

Nilinyanyua simu. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu.

"Unamuita nani?"

"Mwenzangu wa Butembo. Tunapigiana hodi kwanza, Mama. Ni adabu ya kazi."

"Unaenda kuangalia jirani anapika nini, na unamutuma mutu amwambie afunike chungu?" Alicheka, lakini hakuondoa mkono. "Pima, Papa."

Nilipima bila hodi, kwa mara ya kwanza. Vifurushi vilirudi vimechoka, kila kimoja baada ya sekunde mbili na zaidi, na vingine havikurudi. Nikapima tena, safari hii nikiishia kwenye kituo cha wenye setilaiti, kabla ya kufika Butembo. Pale njia ilikuwa safi kabisa. Basi antena yetu ilikuwa nzima, na umeme wa bwawa la Tshopo siku hiyo haukuwa umeyumba. Foleni ilikuwa mlangoni pa ndugu yangu.

"Hiyo ni mubaya?" Mama aliuliza.

"Si nzuri."

Aliondoa mkono wake. "Sasa umuite."

Nilipiga hodi. Sauti yake ilikuja vipande vipande: karibu, ndugu, unipe dakika, mbuzi. Kompyuta ilikuwa bado inapima. Tuliona, mimi na Mama, muda ukishuka, sekunde mbili, moja, hadi nusu na kidogo, na kwenye simu sauti yake ikasafika katikati ya sentensi.

"Imepona," Mama alisema. "Imeponaje?"

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria kosa hilo. Nilijua jibu. Mwanamke aliyenipa kazi alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwangu akilingojea. Nikasema, "Ni wingu, Mama. Wingu likipita mbele ya antena, njia inachoka kidogo." Mama alitazama nje, kisha akanitazama mimi. Akainuka, akapangusa chumvi kwenye kitenge chake, akatoka.

Alipokwisha kwenda nilimwita tena ndugu yangu.

"Nimepima bila hodi, nikaona vibaya. Mbuzi gani hao, ndugu?"

Alishusha sauti. Kisha akaniambia yote, bila kunilazimisha kumvuta. Kulikuwa na nyumba nyingine ya biashara nyuma ya ukuta wao. Walimwomba awapitishe kwenye antena ya patron saa za kazi, kwa malipo. Alipitisha waya juu ya ukuta, akawaingiza. Kila nilipopiga hodi alikuwa anauchomoa, na nikimaliza kupima anaurudisha.

"Nina mapacha, ndugu," alisema. "Unajua."

"Najua."

"Uniachie mpaka mwisho wa wiki. Nitautoa ule waya, hakuna mutu atajua. Ukimwambia patron leo, nimekufa."

"Sisi si watu wa kushitakiana," nilimwambia. Nakumbuka nilivyojisikia vizuri nilipolisema. Nilijiona mtu mwenye moyo.

Wiki haikuisha. Patron alipiga simu, akamtaka Mama awepo, na spika ifunguliwe ili wote tusikie.

"Papa," alisema, "mwenzako ameniletea vipimo vyako vyote. Vyote ni vizuri. Lakini anasema juzi mchana ulipima vikawa vibaya, na hukumwambia mutu. Anasema hapo Kisangani umeingiza watu wengine kwenye antena yangu. Anasema ulimupigia simu umuombe anyamaze mpaka mwisho wa wiki."

Alikuwa amechukua maneno yake na kuyaweka mdomoni mwangu, moja baada ya jingine, bila kuangusha hata moja. Nilijaribu kueleza. Nilieleza mambo ya waya juu ya ukuta, na nilipima wapi na wapi, na foleni ilikuwa upande gani. Patron aliniacha nimalize. Kisha akamuuliza dada yake.

"Wewe ulikuwapo. Alipoona vibaya, alikuambia nini?"

Mama hakunitazama. "Aliniambia wingu."

"Kulikuwa na wingu?"

"Hapana."

Niliomba nisikie sauti ya mwenzangu. Patron alisema yupo hapo hapo.

"Ndugu," niliita, "unanisikia?"

"Nakusikia muzuri, Papa," alijibu. Hakuwa amewahi kuniita Papa kabla ya hapo, ingawa umri wangu ulistahili. Sauti ilikuwa safi mno. Kama ingekatika, ningeweza kujidanganya kwamba sikumsikia sawasawa.

Jioni ile nilimpa Mama ufunguo wa chumba. Mahali pangu alikuja mpwa wa patron. Mke wangu alianza kwenda kwenye maporomoko ya Wagenia kununua samaki kwa wavuvi, akiwakausha kwa moshi na kuwauza sokoni Mangobo, na mimi nikawa natengeneza redio kando ya meza yake, nikisaidia kufukuza nzi. Mjane wa kaka yangu aliwachukua wanawe wawili wakubwa akarudi kwao kijijini, kwenye njia ambayo wakati ule haikuwa ya kupitia na watoto. Walifika. Sijui ningesema nini kama wasingefika.

Nilimlaani yule mtu kwa muda mrefu. Nililala nikimtungia maneno. Sipendi kusema nimemsamehe, maana si kweli. Mtu uliyenyamaza naye siku ya msiba wako, kisha akakuuza kwa sauti ileile, huyo huna pa kumweka.

Mama alikuja sokoni mara moja, msimu wa mvua. Alichagua samaki kwa mke wangu kwa utulivu, akikataa wale waliokauka sana. Alipomaliza nilimuuliza kama njia imepona.

"Bado iko mubaya."

"Na mutu wa Butembo?"

"Iko. Patron anamupenda. Yeye ndiye anajua kupakia ndege."

Nikamwambia yote, pale pale, mbele ya mke wangu ambaye naye alikuwa hajawahi kuyasikia yote: kwamba siku ile nilikuwa nimekwisha kujua, kwamba nilimficha mtu ambaye sijawahi kumwona uso, nikamdanganya yeye aliyenipa kazi. Alinisikiliza huku akipanga samaki kwenye kapu.

"Nilijua, Papa," alisema. "Jua lilikuwa linawaka. Nilitoka pole pole, nikasema labda ataniita. Nilifika mpaka kwenye makasha ya sabuni, nikasimama. Haukuniita."

"Kama ulijua, Mama, mbona hukunitetea kwa patron?"

"Ningesema nini? Wewe ulichagua mutu wako. Mimi nilibaki na kaka yangu."

Mke wangu alimwongezea samaki mmoja mdogo juu ya kapu, kama tunavyomfanyia mteja. Mama alimtoa, akamrudisha mezani, akasema hao waliomo wanatosha. Nilimshikia toleka, baiskeli ya kubeba abiria, apande, nikamwekea kapu magotini, na dereva akaanza kukanyaga.