Ushuhuda wa Paka Wetu

Enzi zetu, na wazee wacheke wakitaka maana nazungumzia mwaka wa 2012, mtoto wa Kakuma alishinda nje mpaka vumbi limbadilishe rangi. Tulicheza kati na blada nyuma ya maduka, tukaguguna matunda ya mkoma mpaka meno yakauma, na jua halikutuuliza kama tuna kofia. Watoto wa leo bando likiisha wanaumwa kichwa.

Mama alitoka Kitale, akawa anauza maharagwe na mahindi mjini Kakuma, nasi tukilala chumba cha nyuma ya duka. Panya walikuwa wanamla mtaji, kwa hiyo safari moja akarudi kutoka Lodwar na paka ndani ya katoni. Tukamwita Lodwar. Alikuwa na manyoya mengi ya kijivu, na akishamaliza panya, kazi yake ilikuwa kujilamba.

Barazani kwetu alikaa Mama Achol, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekuja kila asubuhi kutoka kambini kusuka wateja. Binti yake Achol alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikula sahani moja, tukigombania ukoko wa ugali.

Kisha mama akaanza kukuta vitu mlangoni alfajiri: vinyweleo vilivyoshikana, virefu kama kidole, vyenye unyevu. Wakati huohuo biashara ikalala. Kwa mwanamke wa maombi kama mama, nywele zilizofungwa na kuachwa mlangoni zilikuwa na maana moja tu. Na mwenye kushika nywele za watu hapo barazani alikuwa nani?

"Beba kiti chako, Mama Achol," akamwambia mbele ya wateja. "Mimi na uchawi hatukai pamoja."

Mama Achol alikusanya vitana vyake taratibu. "Mimi nasuka nywele ya watu," akasema. "Sijafunga mtu hata siku moja."

Akamshika Achol mkono, wakaondoka. Nikakatazwa kumtafuta. Nililia mpaka chakula kikanishinda, na mama akaniambia, "Machozi hayajazi mtungi. Nenda ukachote maji." Bombani nikapanga foleni peke yangu, na sijawahi kuuchukia mtungi kama siku zile.

Jumamosi akina mama wa kanisa wakaja kuliombea duka. Maombi yalipopamba moto, Lodwar akatoka chini ya meza, akainama katikati ya mkeka, shingo mbele, tumbo likipanda na kushuka. Akakohoa, akakohoa tena, akatema donge la kijivu mbele ya magoti ya mke wa mchungaji.

Maombi yakakatika. Mama Ekai, Mturkana mmoja kati yao, akaliangalia bila mshangao. "Hii hata kwa tumbo ya mbuzi iko," akasema. "Inajilamba, inameza nywele."

Mama hakungoja amina. Alipima maharagwe, akashika njia ya kambini kwa miguu, nami nyuma yake nikikimbia.

"Nimekukosea, dada," alisema mlangoni kwa Mama Achol, macho chini. "Ni paka. Ametema mbele ya kanisa lote."

Mama Achol alimtazama mpaka nikaogopa. "Kumbe paka yako ametoa ushuhuda?" akasema, akacheka akishikilia mlango. Jumatatu kiti kilirudi barazani. Na kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua jina la kitu kile, tangu siku hiyo tukakiita ushuhuda.

Mwaka uliofuata akina Achol walipelekwa ng'ambo. Mama naye ameshatangulia mbele ya haki. Sasa naishi mjini Lodwar na mpwa wangu, asiyejua kuwasha jiko lakini anajua kuuliza simu. Simu ilimwambia ushuhuda wetu ni donge la manyoya, na kwamba kuna chakula cha kulizuia. Sawa.

Juzi paka wangu aliinama, akakohoa. Nikasema, "Huyo, anatoa ushuhuda." Mpwa wangu hakuinua hata macho. Nikachukua ufagio, nikafagia, na nikamkumbuka Achol mpaka roho ikaniuma. Yeye angecheka.