Risasi Zisizo na Risasi

Leo nimeingia duka la silaha nikaomba risasi zisizo na risasi. Kwa mdomo wangu mwenyewe.

Msicheke kwanza.

Kesho naenda kuwinda, nina kibali cha swala mmoja. Mke wangu Zuhura ni mjamzito, na amesoma kwamba risasi za kawaida huacha chembe za madini ya risasi kwenye nyama. Akaniambia, "Mwanangu hali sumu. Tafuta zisizo na risasi."

Basi nikatoka kwetu Mapinga nikaenda Dar. Muuzaji ni mzee mmoja mtaratibu. Shikamoo, marahaba, habari za Mapinga.

"Mzee, naomba risasi zisizo na risasi."

Akanitazama. Akainama chini ya kaunta, akanipa ganda tupu.

"Hii hapa. Ilishapigwa."

Wateja wawili nyuma yangu hawakujizuia.

Nikampigia Zuhura, nikaweka spika. Naye kwa sauti yake ile ya kusikika nyumba nzima: "Mwambie hatutaki risasi, tunataka shaba tupu."

"Si ungesema shaba," mzee akasema, na boksi hilo mezani. Tena saizi ya bunduki yangu.

Nimerudi nyumbani nachekelea njia nzima. Jikoni namkuta mama mkwe anapara samaki, ndoo nzima.

"Mama, si tumealika watu kesho kutwa waje kula swala?"

"Baba, nimemsikia Zuhura kwenye simu. Mtu anakwenda porini hataki risasi, wageni nitawapa nini?"

Mliosoma kemia, njooni mnisaidie kumweleza. Samaki wapo.