Huyo b Umemtoa Wapi?

Mchana nilikuwa nafundisha darasa la sita kutafuta thamani ya mtajo. Ikiwa x ni nne, 3x + 2 ni ngapi? Watoto walikuwa wanaifuta x, wanaiweka nne palepale ubavuni mwa tatu, wanapata thelathini na nne, halafu wanajumlisha mbili. "Thelathini na sita, mwalimu!" Darasa zima, kwa furaha. Nimelisahihisha kosa hilo miaka mingi, mpaka siku nyingine natamani nikubali tu kwamba ni thelathini na sita, twende nyumbani.

Jioni mwanafunzi nilikuwa mimi. Nilikuwa nasoma shahada ya hisabati kwa masafa, nyumbani kwangu juu ya Lushoto, ukungu ukiingia mpaka jikoni. Nilitaka kufundisha sekondari kabla darasa la sita halijanimaliza. Mtihani mmoja ulikuwa umeniangusha tayari, na chuo kilishaniambia wazi kwamba nikianguka tena ndiyo basi, safari imeishia hapo.

Kilichoniua ni swali la uhusiano. Ili vitu vihesabiwe kuwa sawa kwa namna fulani, masharti ni matatu: kila kimoja kihusiane na chenyewe, a akihusiana na b, b naye ahusiane na a, na a akihusiana na b, b akahusiana na c, basi a na c wahusiane. Mimi nikajifanya mjanja. Niliandika kwamba sharti la kwanza ni la bure, linatokana na mengine mawili: a anakwenda kwa b, b anarudi kwa a, kwa hiyo a amefika kwake mwenyewe. Mkufunzi alipitisha kalamu nyekundu, akaandika: "Huyo b umemtoa wapi?"

Nilikasirika. Nimemtoa wapi? Si yupo tu? Nani asiyekuwa na b?

Swali lake nililibeba wiki nzima, nikipika nalo, nikisahihisha madaftari nalo. Jumamosi nilikuwa nimekaa mlangoni na vitabu, nikawasikia wanawake wa mtaani kwetu wakilima mteremko wa ng'ambo. Kwetu tunalimiana. Leo wote wanapanda kwako, wiki ijayo mnakwenda kwa mwingine, na mwenye shamba naye anashika jembe pamoja nao. Huwezi kukaa unatazama watu wakikulimia matuta yako. Nikaanza kuwapima kwa masharti yangu, kama mchezo tu. Wakikulimia, nawe unawalimia. Waliolimiana na mmoja wamelimiana na wote. Na kila mmoja amelima kwake. Masharti yote matatu yametimia.

Halafu nikajiweka mwenyewe. Tangu nianze kusoma sikuwa nimekwenda kwa mtu. Kwanza nilikuwa naomba radhi, baadaye nikaacha hata kuomba. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kwangu. Na matuta yangu mwenyewe je? Yalikuwa nyasi tupu, mabua ya maharage ya msimu uliopita bado yamesimama. Sikuwa nimelima kwa mtu yeyote, hata kwangu. Sharti la pili sikulivunja, la tatu sikulivunja, maana hayo huanza na "ikiwa", na kwangu hapakuwa na la kuanzia. La kwanza peke yake ndilo lililoanguka. Asiyehusiana na yeyote hana b wa kumrudisha kwake.

Nilielewa, na nilijisikia vibaya. Ningeweza kusimama wakati ule, nikachukua jembe, nikavuka bonde. Lakini mtihani ulikuwa umekaribia na nilikuwa nimechoka, nikafungua ukurasa uliofuata.

Swali lile lilitoka kwenye mtihani. Niliandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba uthibitisho ule ni wa uongo, nikatoa mfano wa mwanamke mmoja mlimani. Matokeo yalipokuja kwenye simu, nilikuwa nimefaulu.

Jioni ile nilimkuta jirani yangu, mama mtu mzima anayepanga zamu za kulima, akishusha mzigo wa majani ya ng'ombe. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia kwa Kishambaa kwamba nimefaulu, na kwamba Jumamosi nitakuja na jembe. Nikamuuliza zamu ni ya nani.

Mama huyu alikuwa hajawahi kunisemesha kwa lugha nyingine ila Kishambaa chetu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Alinyoosha mgongo, akanitazama kwa upole kabisa, akanijibu kwa Kiswahili, kile cha kuongea na watu wa ofisini:

"Marahaba. Hongera sana, mwalimu. Wewe pumzika tu."

Nilimshukuru, nikaingia ndani. Iliniuma kuliko kama ningefeli.