Maji ya Kwanza ya Mama Pasi

Nianze na kosa langu, maana nikichelewa kulitaja nitanogewa na makosa ya wengine, ambayo ni mengi na yanasimulika vizuri. Niliamini kwamba filamu ya mnyonya damu iliyopigwa mtaani kwetu ilikuwa matusi kwa imani, na kwamba mama yangu mdogo, aliyekubali kufua nguo za filamu hiyo, alikuwa ameyasaidia matusi hayo bila kuelewa. Sikuwa nimeiona filamu. Haikuwa hata imekamilika. Lakini nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, nilikuwa nimefundisha sekondari kwa miaka kumi na tisa, na nilikuwa katibu wa halmashauri ya parokia. Mtu wa namna hiyo huwa hasubiri kuona.

Mama mdogo ni dobi. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na sidhani kama wapo watano wanaojua jina alilobatizwa. Anafulia uani, nyuma ya nyumba yake ya vyumba viwili, penye kamba nne na bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji. Ana pasi mbili: ya umeme, anayoiita "ya wateja", na ya mkaa, ambayo hutumika kwa vitambaa vya altare peke yake. Nilipomtania kuhusu hiyo ya mkaa alinijibu bila kuinua macho: "Umeme unakatika, mwanangu. Siwezi kumwambia Mungu asubiri mpaka urudi."

Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare panapotunzwa kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na mavazi ya ibada. Kila Jumatatu asubuhi alifungua, akachukua vitambaa vilivyofutia kalisi siku ya Jumapili, akaenda navyo uani. Vitambaa hivyo havifuliwi kama shati. Vimegusa kile ambacho sisi tunaamini si divai tena bali ni damu ya Kristo, kwa maneno ya padri, maana aliyepadrishwa upadri haumtoki tena maisha yake yote. Kwa hiyo huloweshwa kwanza kwa maji matupu, bila sabuni, na maji hayo ya kwanza hayatupwi kwenye mtaro pamoja na uchafu wa mji. Humwagwa ardhini, mahali pasipokanyagwa. Sabuni hufuata baadaye.

Mahali pake palikuwa chini ya waridi, kando ya ukuta wa sakristia. Divai ya kanisani kwetu ni nyeupe, ili isiache madoa, kwa hiyo maji yake ya kwanza hayakuwa na rangi. Miaka ishirini na sita watu walimwona mwanamke mwenye beseni jeupe na wakadhani anamwagilia maua. Mimi pia, niliyekuwa nikila kwake karibu kila Jumapili, nilidhani hivyo hivyo.

Wapiga filamu walipofika walikodi ukumbi wa zamani wa shule, wakaugeuza kanisa. Walihitaji mtu wa kufua mavazi na wa kuwaonyesha namna altare inavyotandikwa. Msimamizi wa mavazi, mwanamke mchangamfu aliyetembea na pini mdomoni, aliulizia mtaani akaelekezwa kwa Mama Pasi. Nami nilipopata habari nilikwenda kumwonya.

Nilimkuta anakamua shuka.

"Mama mdogo, unajua hiyo filamu inahusu nini?"

"Naijua kuliko wewe. Shikilia huku, tukamue."

Nilishika ncha ya shuka na miwani yangu ikalowa. Akanisimulia hadithi yote huku akizungusha upande wake. Padri mzee yuko altareni. Mgeni anasimama mlangoni mwa kanisa, lakini hawezi kuvuka kizingiti asipokaribishwa. Padri, bila kumuuliza anakotoka, anamwambia: karibu, hii si nyumba yangu. Mgeni anaingia, na kumbe ni mnyonya damu, ambaye amesikia kwamba humo ndani kuna kikombe cha damu inayompa mtu uzima usiokwisha. Ananyakua kalisi, anakunywa, anatema. "Hii ni divai!" anafoka. Padri anamjibu: "Kwako wewe." Mwishoni yule mgeni anamkamata msichana, naye padri anafungua kola yake na kumtolea shingo badala ya binti. Hapo mnyonya damu anashindwa. Amezoea kuiba, damu iliyotolewa kwa hiari haipiti kooni mwake.

"Hiyo ni kufuru," nikasema.

"Kufuru iko wapi? Hebu nionyeshe." Alisubiri kweli, mikono kiunoni. "Ni habari yetu ileile, imegeuzwa ndani nje. Huyu anachukua damu ya wenzake ili asife. Yule wetu alitoa yake ili wenzake wasife. Nguo nyingine lazima uipige pasi ndani nje, la sivyo unaiunguza. Shida yenu ninyi mliosoma, mkiona mshono mnadhani nguo imeharibika."

Nilicheka, nikapangusa miwani, nikaondoka nikiwa na uhakika uleule niliokuja nao.

Siku ya kupiga tukio la Misa, Mama Pasi alitandika altare ya ukumbini kwa kitambaa walichokileta wao. Aliyeigiza padri alikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi, mkimya, aliyefika kwa begi moja. Kwa kuwa divai nyeupe haionekani vizuri kwenye kamera, walitumia nyekundu. Mzee alisali yote, tangu mwanzo wa sala kuu, huku Mama Pasi amesimama pembeni kashika pasi iliyopoa. Mnyonya damu akaingia, kalisi ikapinduka, divai ikaenea kitambaani, kisha juu yake wakamimina damu yao ya bandia, iliyotengenezwa kwa sharubati na rangi. Msimamizi wa mavazi akakikunja, akamkabidhi: "Mama, hiki naomba kesho kiwe cheupe."

Asubuhi iliyofuata mwenyekiti wa halmashauri, mpima ardhi mstaafu ambaye hawezi kupita pembeni mwa ukuta asiukague, alipita kando ya sakristia. Akaona udongo chini ya waridi umelowa maji mekundu. Akapiga picha. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa kwenye simu ya kila mwanakwaya, na maneno yake yalikuwa yameshaota pembe: damu imemwagwa kanisani, yule dobi wa wanyonya damu ndiye aliyeimwaga.

Kikao kiliitwa siku hiyohiyo, katika chumba cha mafundisho, tukiwa tumekalia viti vya watoto, magoti yakitugusa videvu. Mwenyekiti aliweka simu mezani.

"Mama, hii ni nini?"

Mama Pasi aliitazama kwa makini. "Ni maua, Mwenyekiti."

"Chini ya maua!"

"Chini ya maua ni udongo."

Mtu mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

"Usitufanyie mzaha. Haya maji mekundu yametoka wapi?"

"Ni maji ya kwanza ya kitambaa cha altare yao."

"Altare yao! Tangu lini ukumbi wa shule una altare?"

"Jana ulikuwa nayo." Alikunja kanga yake vizuri begani. "Mwenyekiti, maneno yalisemwa pale. Yote, hakuna lililorukwa. Mkate ulikuwa mkate na divai ilikuwa divai, niliinusa mwenyewe. Sikuwa na hakika. Nikajiambia, nikimwaga mtaroni na kumbe ni Yeye, nitamwambia nini? Nikaona heri nikosee kwa heshima kuliko nikosee kwa dharau."

Mwalimu wa kwaya, mama mwenye sauti ya kwanza hata anapoongea, akapiga paja. "Jamani! Basi wanangu wakicheza Misa kwa biskuti nikuite uje na beseni?"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Nami nilicheka. Naandika hili kwa sababu ningependa sana kuliacha.

"Wanao sijawaona wanavyoshika vidole," Mama Pasi akamjibu kicheko kilipotulia. "Yule mzee nilimwona. Alipomaliza kusema juu ya mkate aliunganisha gumba na kidole cha shahada, hivi, hakuviachanisha mpaka alipovisuuza. Mapadri wa zamani ndivyo walivyofanya, ili hata chembe isidondoke. Pale ukumbini hakuna aliyemfundisha. Yule mwongozaji wa filamu mwenyewe altare aliiita meza."

"Kwa hiyo umekuja kutufundisha vidole," Mwenyekiti akasema.

"Nimekuja kwa kuwa mmeniita, kaka."

Paroko wetu, kijana aliyekuwa na miezi minane tu kwetu, alisema kwa sauti ndogo, "Pengine tusiharakishe." Mwenyekiti akamtazama kama kiwanja kisicho na hati. Paroko akashusha macho.

Kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari. Niliandika hivi: "Mhusika amekiri kumwaga maji ya filamu katika eneo takatifu." Amekiri! Hakuna alichokiri. Alieleza, na maelezo yake niliyaacha nje kwa kuwa niliyaona ni porojo za mwanamke wa uani. Vile vidole sikuviandika kabisa. Nimesahihisha insha za wanafunzi maisha yangu yote, nikikata alama kwa neno lililochaguliwa kwa uzembe, na neno ovu kuliko yote niliyowahi kuyaona nililiandika mimi, kwa mwandiko mzuri, juu ya dada wa mama yangu.

Waliamua arudishe ufunguo. Aliufungua kutoka kwenye kamba ya shingoni, iliyokuwa imeacha alama, akauweka juu ya ile simu yenye picha.

"Nani atafua Jumatatu?" akauliza.

Hakuna aliyejibu. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Watu tisa tumekaa kulinda utakatifu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria nani angeshika vile vitambaa.

Vilipelekwa kwa dobi wa mashine, jirani na stendi. Niliwahi kuvifuata mwenyewe wiki ya tatu. Nilimkuta kijana wa mashine anavitumbukiza pamoja na sabuni, juu ya aproni za hoteli, na bomba la maji machafu likitapika moja kwa moja kwenye mtaro wa barabarani. Nilisimama pale na mfuko wangu. Maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, yote yalikwenda mtaroni. Tulimfukuza mwanamke aliyekataa kumwaga kisichojulikana mtaroni, ili tupate kumwaga kinachojulikana. Nilimweleza Mwenyekiti. Akaniambia, "Lakini angalau vinarudi na risiti."

Mama Pasi hakuacha kuja kanisani. Alihama tu kutoka benchi la mbele akakaa la mwisho, karibu na mlango. Watu walimsalimia wakiwa wanatembea. Kwangu hakubadilika, alinipakulia Jumapili kama kawaida, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angeninunia. Siku moja nilijaribu kuomba radhi, nikazunguka na maneno makubwa mpaka akanikatiza.

"Mwanangu, unaomba msamaha au unafundisha?"

"Naomba."

"Basi kula, chakula kinapoa."

Filamu ilipotoka, mwaka uliofuata, nilikwenda kuitazama peke yangu, mchana, nikiwa na kalamu. Lazima nikiri kuwa nilitarajia kuikosoa ili angalau sehemu ya hukumu yetu isimame. Sikuweza. Ilikuwa na makelele mengi na meno ya plastiki, lakini yule mzee alipofungua kola yake kumtolea shingo mgeni, mwanamume aliyekaa mbele yangu, ambaye alikuwa ametafuna bisi kwa fujo tangu mwanzo, aliacha kutafuna. Jambo moja tu nililiandika kama dosari: tukio la Misa limepigwa kutoka upande mmoja tu, kamera haisogei wala haibadiliki, wakati matukio mengine yote yanatazamwa kutoka pande nne. Nikaandika: "Uvivu wa mwongozaji."

Kwenye kikao kilichofuata nilitoa hoja kwamba uamuzi ule ufutwe na muhtasari wangu usahihishwe. Nilisoma upya maneno ya Mama Pasi kadiri nilivyoyakumbuka, pamoja na vidole. Mwalimu wa kwaya alitazama dirishani. Mwenyekiti akasema jambo hilo limeshafungwa, na kulifungua ni kuwafurahisha watu wa nje. Waliopiga kura ya kuniunga mkono walikuwa wawili: mimi na paroko, ambaye safari hii hakushusha macho. Nikaacha ukatibu siku hiyo. Isidhaniwe ni ushujaa. Sikuwa tena na neno ninaloliamini kuliandika mle.

Paroko alifanya alichoweza. Ufunguo hakuweza kuurudisha, lakini Jumatatu moja alibisha uani kwa Mama Pasi akiwa na beseni jeupe lenye vitambaa, akasema, "Mama, nifundishe nifue mwenyewe." Tangu hapo anakuja kila wiki na kukunja mikono ya shati. Mama Pasi anamkemea kama mtoto: "Taratibu, Padre, hukamui muhogo." Maji ya kwanza anayamwaga yeye, padri, chini ya waridi.

Mwezi uliopita nilimkuta pale uani yule msimamizi wa mavazi, amekuja na nguo za filamu nyingine. Katika mazungumzo nilimtania kuhusu lile tukio la upande mmoja. Akatoa pini mdomoni.

"Ule haukuwa uvivu," akasema. "Mwongozaji alitaka lirudiwe mara tano. Yule mzee akavua mavazi, akayakunja, akakataa katakata. Alisema maneno yale yakishasemwa yamesemwa, hayasemwi kwa mazoezi. Tulidhani ni maringo ya waigizaji. Mpaka alipofariki, mwaka huu, tukaenda msibani, tukakuta ukutani picha yake ya siku ya upadrisho. Alikuwa padri miaka kumi na mmoja kabla ya kuacha."